Jinsi Hewa Ilivyopelekwa Chini ya Ardhi

Msomaji, umwonapo mama yako au dada yako ameinama mbele ya jiko la makaa, kipepeo mkononi, utasema kwamba anapeleka upepo motoni, nawe utakuwa umesema kweli. Walakini ukiulizwa upepo ule watoka wapi, na kwa nini huenda mbele usirudi nyuma, huenda ukakawia kujibu. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilichukua karne nyingi kueleweka; na katika karne hizo walikufa maelfu ya watu, wengine wakiwa wadogo kuliko wewe, kwa sababu hewa safi haikuwafikia mahali walipokuwa wakifanya kazi. Insha hii yasimulia habari zao pamoja na habari za chombo tukiitacho feni.

Kwanza yatupasa kuondoa kosa moja la mawazo. Twazoea kusema kwamba feni huvuta hewa kama punda avutavyo mkokoteni. Sasa, mkokoteni una mahali pa kufungia kamba, hewa haina. Chembe zake hazikushikamana hata ukizishika za mbele zije na za nyuma. Liwezekanalo ni kupunguza shinikizo upande mmoja, ndipo hewa ya upande wa pili, ambayo shinikizo lake limebaki kubwa, ijisukume yenyewe na kuingia pale palipolegea. Unywapo soda kwa mrija hufanyi zaidi ya hayo. Kinywa chako chapunguza shinikizo ndani ya mrija, na hewa inayolalia soda chupani ndiyo inayoisukuma mpaka ulimini mwako. Mama apepeapo jiko, hewa iliyo mbele ya kipepeo husongamana kwa kitambo kidogo, na iliyo nyuma hulegea. Ile iliyosongamana hukimbilia makaani.

Hayo hayakujulikana zamani. Mafundi wa visima nchini Italia waliona kwamba pampu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji kupita mita 10 hivi, hata ingetengenezwa kwa ustadi wa namna gani, wasijue sababu. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli alitumia zebaki badala ya maji, kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13 na zaidi. Mrija wa kioo ulijazwa zebaki, ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki, na ile iliyokuwa mrijani ikashuka kidogo, kisha ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Torricelli akafahamu kwamba kinachoishikilia ni uzito wa hewa ya nje inayolilalia bakuli. Sisi wanadamu, alisema, twaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Miaka mitano baadaye, mwezi Septemba 1648, shemeji yake Blaise Pascal aliupanda mlima wa Puy de Dôme katika Ufaransa na mrija kama ule, akaona zebaki yashuka kadiri anavyopanda. Sisi wa Kenya hatuna haja ya kwenda Ufaransa kulithibitisha jambo hili. Zebaki isimamayo kwenye sentimita 76 pale Mombasa hupungua hadi sentimita 62 au 63 ikifikishwa Nairobi.

Huenda ukadhani kwamba uzito wa hewa ni wa kupuuzwa. Chukua chumba cha darasa chenye urefu wa mita 9, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Kule pwani hewa iliyomo ndani yake ina uzito wa kilo 190 na zaidi, yaani sawa na magunia mawili ya mahindi. Atakaye kuiondoa hewa hiyo na kuleta nyingine amejitwika mzigo halisi.

Watu wa kwanza kujitwika mzigo huo kwa dhati walikuwa wachimba madini. Georgius Agricola, tabibu aliyeishi miongoni mwa wachimbaji huko Joachimsthal, aliandika kwa Kilatini kitabu kikubwa juu ya madini, nacho kilichapishwa mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Humo ameonyesha kwa maneno na kwa michoro namna tatu za kupeleka hewa shimoni. Namna moja ni mbao za kukinga upepo wa juu na kuuelekeza chini. Nyingine ni mivukuto mikubwa, jamaa ya ile ya wahunzi wetu. Na nyingine ni feni hasa. Ilikuwa pipa la mbao lenye mhimili katikati, na juu ya mhimili mapanga, mhimili ukizungushwa kwa mkono wa mtu, kwa upepo, au kwa gurudumu la maji. Agricola hakujua habari za zebaki ya Torricelli, ambayo ilikuwa bado haijafanyiwa majaribio. Lakini chombo alichokichora kilifanya kazi hata hivyo. Mara nyingi mikono ya mafundi hutangulia, na maelezo ya wataalamu huja nyuma yakitweta.

Kwa nini pipa lile lilifanya kazi? Mapanga yazungukapo, hewa iliyo kati yake hurushwa nje kuelekea ukingoni, kama matope yarukavyo kutoka gurudumu la baiskeli. Ukingoni hewa husongamana na kutoka kwa tundu lililoachwa hapo. Katikati, kando ya mhimili, hewa imepungua, shinikizo limeshuka. Basi hewa ya nje husukumwa kuingia kujaza nafasi. Kwa hiyo feni ina pande mbili, upande wa shinikizo dogo na upande wa shinikizo kubwa, na kazi yake yote ni kuitunza tofauti hiyo isipotee.

Kabla hatujashuka migodini, acha nikupitishe London kidogo, kwa maana huko kuna kisa kinachofundisha vizuri kuliko hesabu. Mwaka 1723 mtaalamu aitwaye John Theophilus Desaguliers alipewa kazi ya kupunguza joto na uvundo katika ukumbi wa Bunge. Alijenga vyumba vidogo juu ya dari, akaweka humo mahali pa kuwasha moto, ili hewa ya vyumba ipate joto, iwe nyepesi, ipande, na hewa ya ukumbini isukumwe kuifuata. Shauri lilikuwa jema. Lakini vile vyumba vya juu vilikuwa mikononi mwa mtunzaji wa nyumba, Bibi Smith, ambaye hakupendezwa kunyang'anywa nafasi yake. Basi akawa hawashi moto mpaka wabunge wamekwisha kukaa kitambo kirefu na ukumbi umekuwa kama tanuri. Kufikia hapo hewa ya vyumba vya juu ilikuwa baridi na nzito kupita ile ya ukumbini. Badala ya kupanda ikawashukia wabunge vichwani. Desaguliers aliona kwamba njia inayotegemea moto yategemea pia hiari ya mwashaji. Mwaka 1736 akaweka feni ya kuzungusha kwa mkono, yenye upana wa futi 7, ambayo iliweza kutoa hewa chafu au kuingiza safi, wakati wowote watakao wenyewe. Sijui kama Bibi Smith alishukuru.

Sasa tushuke. Kaskazini mwa Uingereza, pande za Newcastle, makaa ya mawe yalikuwa yakichimbwa kwa wingi, na kadiri mashimo yalivyozidi kwenda chini ndivyo gesi ya methani ilivyozidi kutoka katika miamba. Gesi hii haina harufu wala rangi. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu 5 hadi 15 katika 100, cheche moja yatosha kuilipua. Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa Felling ulilipuka, wakafa wanaume na wavulana 92. Msiba huo ndio uliowafanya watu wamwendee Humphry Davy, naye mwaka 1815 akatoa taa yake mashuhuri iliyozungushiwa wavu wa waya. Vitabu vingi humsifu Davy, na sifa zamstahili. Hata hivyo taa haikuwa dawa ya ugonjwa wenyewe. Taa yaweza kuizuia gesi isiwake. Haiwezi kuiondoa, wala haiwezi kumpa mtu pumzi. Baadhi ya wenye migodi, baada ya kupata taa, waliwapeleka watu kuchimba mahali ambapo zamani hawangethubutu kuingia.

Kilichoiondoa gesi kilikuwa mkondo wa hewa, na kwa miaka mingi mkondo huo uliendeshwa kwa moto. Mgodi ulikuwa na mashimo mawili, moja la kushushia hewa na moja la kupandishia. Chini ya shimo la kupandishia liliwashwa tanuri kubwa lisilozimwa usiku wala mchana. Tufanye hesabu pamoja. Ikiwa shimo lina kina cha mita 300, na hewa ishukayo ina joto la nyuzi 15, kila mita moja ya ujazo wake ina uzito wa kilo 1.22 hivi. Hewa ipandayo, ikiwa imetiwa joto hadi nyuzi 65, ina kilo 1.04 tu. Tofauti ni gramu 180 kwa kila mita ya ujazo, na kwa kimo cha mita 300 inakuwa kilo 54 juu ya kila mita mraba. Ukiipima kwa mrija uliopindwa wenye maji, maji yatatofautiana kwa milimita 54, ambayo ni kama upana wa vidole vitatu. Tofauti hiyo si kubwa ukikumbuka kwamba angahewa nzima yaweza kusimamisha maji mita 10. Lakini iliendesha mkondo wa hewa kupita katika maili nyingi za njia za giza.

Hapa ndipo wanapoingia watoto. Hewa, kama maji, hupita njia nyepesi. Ukiiachia, itatoka shimo la kushukia na kwenda moja kwa moja kwenye shimo la kupandia, isiwafikie wachimbaji walio mbali. Kwa sababu hiyo iliwekwa milango ya mbao kuzuia njia za mkato, na kila mlango ulihitaji bawabu wa kuufungua mikokoteni ya makaa ipitapo, kisha kuufunga mara moja. Kazi hiyo walipewa watoto wa miaka mitano, sita, minane. Waliketi peke yao gizani, kamba mkononi, kwa muda wa saa 12 au zaidi, na mara nyingi hata mshumaa hawakupewa. Mtoto akisinzia na mlango ukabaki wazi, hewa ilikata njia, gesi ikajikusanya kule ndani, na mchimbaji aliyeko mwisho wa njia asijue lolote. Hebu fikiri: uhai wa mgodi mzima ulikuwa umewekwa juu ya macho ya mtoto ambaye angepaswa kuwa amelala kwao. Tume ya serikali ilichunguza habari hizi, na taarifa yake ya mwaka 1842 iliwashtua watu sana hata sheria ikapitishwa mwaka huo huo kuwakataza wanawake, wasichana, na wavulana walio chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Mvulana aliyetimiza miaka 10 aliendelea kushuka.

Tanuri nalo lilikuwa na hatari zake. Liliwaka mle mle ambamo hewa yenye gesi ilipita, na ingawa mafundi walijifunza kuipitisha hewa chafu zaidi kwa njia ya pembeni iingie shimoni juu ya moto, hofu haikuisha. Isitoshe, wenye migodi wengine walibana gharama wakachimba shimo moja tu, wakaligawa katikati kwa ukuta wa mbao, upande mmoja wa kushusha hewa na mwingine wa kupandisha. Mgodi wa Hartley ulikuwa wa namna hiyo. Tarehe 16 Januari 1862 boriti kubwa ya chuma ya mtambo wa kutolea maji ilivunjika juu ya shimo. Kipande chenye uzito wa zaidi ya tani 20 kikaanguka ndani, kikavunja ule ukuta wa mbao na kuziba shimo lote. Wote waliokufa walikuwa 204. Waokoaji walipoweza kupenya, siku ya sita, waliwakuta wale waliokuwa wamefungiwa chini wamekufa wote, nao hawakupondwa; hewa yenye sumu ndiyo iliyowaua. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria kwamba mgodi wa makaa sharti uwe na mashimo mawili.

Miaka hiyo ndiyo feni kubwa zilipoanza kuchukua mahali pa tanuri. Aliyezipa sifa ni Théophile Guibal, mwalimu wa chuo cha migodi huko Mons katika Ubelgiji. Feni yake ilikuwa gurudumu lenye upana wa futi 30 na zaidi, likizungushwa polepole na mtambo wa mvuke ndani ya nyumba ya matofali. Iliwekwa juu ya ardhi, kwenye mdomo wa shimo la kupandia, ikipunguza shinikizo pale ili angahewa iliyo juu ya shimo la pili iisukume hewa kupita mgodini. Lakini ustadi wa Guibal hasa ulikuwa katika bomba la kutolea hewa. Feni nyingine zilirusha hewa nje kwa kasi kubwa, na kasi ile ilipotea bure uwanjani. Guibal alijenga bomba linalopanuka kadiri linavyokwenda juu. Hewa ipitayo mahali panapopanuka hupunguza mwendo, na ipunguzapo mwendo shinikizo lake hupanda. Jambo hilo Daniel Bernoulli alikwisha kulieleza mwaka 1738. Sasa fuata hoja kwa makini, maana wengi huikosa. Kwenye mdomo wa bomba shinikizo ni lile la angahewa. Ikiwa shinikizo lilikuwa likipanda njia nzima mpaka kufika hapo, basi kule chini, hewa inapotoka kwenye mapanga, lilikuwa dogo kuliko la angahewa. Kwa hiyo feni ilitoa hewa yake mahali palipokwisha kulegezwa, na kazi yake ikapungua. Bomba lisilo na mapanga wala mvuke lilikuwa linaisaidia feni.

Msaada huo ulihitajiwa sana. Mwaka 1854 mhandisi J. J. Atkinson alikuwa amechapisha maelezo kwamba shinikizo linalohitajiwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha hewa inayopita. Maana yake, ukitaka hewa maradufu katika njia zile zile, wahitaji shinikizo mara nne, na nguvu ya mtambo mara nane. Ndiyo sababu wasimamizi wenye akili walipendelea kuugawa mkondo katika njia nyingi fupi kuliko kuulazimisha upite njia moja ndefu. John Buddle alikuwa akifanya hivyo mwanzoni mwa karne ya 19, kabla hesabu haijaandikwa. Nao mgodi upitishao mita 50 za ujazo kwa kila sekunde unasafirisha zaidi ya tani 200 za hewa kwa saa moja. Katika migodi mingi uzito wa hewa iliyopitishwa ulizidi uzito wa makaa yaliyotolewa.

Usidhani kwamba feni zilipokuja misiba ilikoma. Katika bonde moja la kusini mwa Wales kuna kijiji cha Senghenydd, ambako mgodi ulilipuka mwaka 1901 na kuua watu 81. Sheria ya mwaka 1911 iliagiza kwamba kila feni ya mgodi iwe na njia ya kugeuza upepo. Sababu yake yaeleweka. Moto ukizuka karibu na shimo la kushushia hewa, feni iendeleayo kama kawaida huwapelekea wachimbaji moshi na gesi ya sumu. Ikiweza kugeuzwa, msimamizi ana hiari ya kuurudisha moshi nyuma. Mgodi wa Senghenydd uliongezewa muda mpaka mwisho wa Septemba 1913 kulitimiza agizo hilo. Muda ukapita, feni ikawa ingali ya upande mmoja. Asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi ukalipuka tena, wakafa wachimbaji 439, na mwokoaji mmoja. Hatuwezi kudai kwamba kuugeuza upepo kungaliwaokoa wote, maana wengi waliuawa na mlipuko wenyewe. Lakini hiari ya kujaribu haikuwapo. Mahakama ilimtoza meneja faini ya paundi 24 kwa makosa mbalimbali, na baadaye kampuni ikatozwa paundi 10 kwa kukosa feni ya kugeuzika. Zigawanye paundi za meneja kwa idadi ya waliokufa, nawe utapata shilingi moja na senti chache kwa kila mtu.

Kutoka katika giza hilo tawi moja la habari hii latufikia hapa kwetu, nalo limepitia shamba la chai. Samuel Cleland Davidson, kijana wa Ireland, alikwenda India mwaka 1864 kulima chai, akachoshwa na njia za kienyeji za kukausha majani juu ya moto wa makaa. Akabuni mitambo ya kukaushia kwa hewa ya moto, akarudi na kufungua kiwanda Belfast mwaka 1881, akiita bidhaa zake Sirocco, jina la upepo wa joto utokao Sahara. Mwaka 1898 alipata hataza ya feni ya namna mpya. Badala ya mapanga machache mapana, alipanga mengi membamba kuzunguka ukingo wa pipa, yakiwa yamepindwa kuelekea mbele, na katikati akaacha wazi ili hewa iingie bila kizuizi. Feni hii ndogo ilisukuma hewa nyingi kuliko ukubwa wake ulivyoahidi, ikapelekwa katika meli, katika viwanda, na migodini vilevile.

Ukipata nafasi ya kuingia kiwanda cha chai huko Kericho, Nandi au Murang'a, utaona mahandaki marefu yenye wavu wa waya juu, majani mabichi yametandazwa juu ya wavu, na kwenye ncha moja feni. Robo tatu au zaidi ya uzito wa jani bichi ni maji, na sehemu ya maji hayo sharti iondolewe kabla jani halijasagwa. Feni huongeza shinikizo la hewa chini ya wavu kidogo tu kuliko la juu, na hewa hupenya kati ya majani kwa saa nyingi ikichukua unyevu wake. Mfanyakazi hupita akiyatandaza majani kwa mikono yake yawe sawasawa. Akiacha mahali pamoja pana majani machache, hewa itatoka yote kwa tundu hilo kwa kishindo, na majani yaliyorundikana pembeni yatabaki na maji yake mpaka asubuhi.